Mbuzi wa Ntheo Langoni Mwangu

Siku Ngure alipoleta mbuzi, mimi nilikuwa uani naanika ndengu, nimejifunga leso iliyotoboka na kitambaa cha kichwa ambacho hata paka wangu hukionea aibu. Hivyo ndivyo bahati yangu ilivyo. Siku ninazojipamba haji mtu.

Nilisikia pikapu ikizimwa langoni nikadhani ni mteja. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo pale sokoni Kathonzweni, na wateja wangu hawana siku ya kupumzika. Ng'ombe wa mtu akivimba tumbo, mwenyewe atakufuata hata kanisani. Nikajipangusa mikono, nikafungua lango.

Alikuwa yeye. Shati jeupe limepigwa pasi, kola imefungwa hadi juu kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nyuma yake mjomba wake, mzee Gichuru, alikuwa anahangaika na beberu mkubwa aliyekataa kushuka garini. Mbuzi wengine wawili walikuwa wameshashuka na kuanza kuyashughulikia maua yangu ya kando ya ua.

Macho yetu yakakutana. Jamani, nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona tena nitamtazama kama ninavyomtazama mtu yeyote anayeuliza bei ya dawa ya kupe. Sikuweza. Moyo uliruka, na uso wangu, ambao haujawahi kunifichia siri, ukacheka kabla sijaupa ruhusa.

"Mutindi," akasema.

"Ngure."

"Umekonda."

"Wewe hujakonda hata kidogo," nikamjibu, na hapo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemkasirikia.

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Mwezi uliopita, kwenye baraza yangu, Ngure aliniambia anataka kunioa. Yeye ni mfanyabiashara wa nafaka kule Emali, Mkikuyu aliyezaliwa na kukulia Emali, na tulijuana alipokuja Kathonzweni kununua ndengu akaishia kununua dawa za kuku ambao hana. Nilimpenda tangu zile dawa za kuku. Lakini aliponiuliza swali lake, nami nikampa langu. Nilimwambia, "Hii nyumba ni yangu. Kiwanja nilinunua mimi, mawe nilinunua mimi. Itabaki kwa jina langu, na nitaishi ndani yake hata nikiolewa. Sihamii Emali nyuma ya duka la mama yako. Enda ufikirie, kisha unijibu."

Akaenda. Simu alinipigia, lakini za kuniuliza nimeamkaje na mvua imefika wapi. Jibu hakutoa.

Msinione mkali bure. Kabla yake alikuwako Evanson, mwalimu, ambaye kabla hata ya kumjua baba yangu alikuja na futi akapima sebule yangu aone kama kochi lake litatosha, kisha akauliza hati ya kiwanja ina majina mangapi. Na kabla ya Evanson alikuwako mwingine aliyeitazama nyumba toka msingi mpaka paa, akahema, akasema, "Sasa mimi nitakuletea nini?" Huyo aliaga akienda kununua vocha, mpaka leo ananunua. Nyumba yangu ilikuwa imeshafukuza wanaume wengi kuliko mbwa.

"Hawa mbuzi wanaenda wapi?" nikauliza.

Ngure alimshika beberu pembe, wakamvuta yeye na mjomba wake hadi kwenye nguzo ya tangi langu la maji, wakamfunga. Wale wawili wakafungwa karibu naye. Bado sikuelewa. Aliyeelewa alikuwa jirani yangu Ndunge, ambaye kazi yake kuu duniani ni ule uzio ulio kati yetu.

"Ntheo!" Ndunge akapiga kelele. "Mutindi ameletewa ntheo!" Akaachia vigelegele, na vigelegele vya Ndunge husikika hadi kwa chifu. Wanawake wa nyumba za jirani wakavipokea. Mimi nimesimama na ndengu mkononi.

Kwetu Ukambani mwanamume hajaoa mpaka apeleke mbuzi wa ntheo kwa baba ya msichana. Anaweza kufunga harusi kanisani, akate keki, apigwe picha hadi macho yaume, na bado wazee watamwambia hana mke. Kwa baba ya msichana, nasema. Si kwa msichana. Baba yangu, mzee Mutie, alikuwa kwake ng'ambo ya bonde, akikaza vipini vya majembe yake, hana habari. Na mbuzi wake walikuwa wamefungwa kwangu.

"Ngure, kuja hapa," nikasema kwa sauti ya chini, nikamvuta nyuma ya tangi.

Nyuma ya tangi palikuwa na kivuli na nafasi finyu, na alinukia sabuni na magunia mapya. Nikajilazimisha kutazama kifungo cha shati lake.

"Nani alikuambia ulete mbuzi kwangu?"

"Si mbuzi huletwa kwao msichana?"

"Kwa baba yake! Umekaa Emali maisha yako yote, unafanya biashara na Wakamba kila siku, hujui hiyo?"

"Najua."

"Ati unajua?"

"Najua, Mutindi."

"Kama unajua, umefanya nini hii? Unajua watu watasema nini? Watasema nimejioza mwenyewe! Watasema Mutindi alijijengea, sasa amejipokelea na mahari!"

Akanitazama kwa yale macho yake matulivu yanayoniudhi. "Nitamweleza mzee mwenyewe."

"Nieleze mimi kwanza."

"Aiee," akanikatalia, kwa Kikamba, mshenzi yule. "Kwanza mzee."

Nani asiyeungua kutaka kujua? Nilitaka kumtikisa mpaka jibu lidondoke. Je, alikosea, sasa anajitia ushujaa? Ama, na hili lilinichoma, alikuwa na haraka ya kufunga mbuzi wake ndani ya ua wangu kama mtu anayeweka mpaka wa shamba? Nilikumbuka futi ya Evanson. Nikarudi nyuma hatua.

Mzee Gichuru akaona uso wangu akajaribu kusaidia, akaharibu. "Dada yangu Wakiuru amekataa kuja," akasema. "Anasema hakuzaa kijana wa kwenda kukaa kwa mwanamke."

"Asante, mjomba," Ngure akasema.

"Mimi nasema tu vile alisema."

Basi nikampigia simu shangazi Kalunde, dada ya baba, mtu pekee anayejua mila zetu na pia anayejua kunyamaza, ingawa hajui kuvifanya vyote viwili kwa wakati mmoja. Alifika na bodaboda kabla ndengu hazijapinduliwa. Akawazunguka mbuzi, akawapapasa migongo, akampiga beberu kofi la kumsifu.

"Shangazi, tuwapakie kwa gari tuwapeleke kwa baba," nikasema. "Tuseme walipotea njia."

"Hazitoki."

"Kwa nini?"

"Mbuzi ya ntheo ikishafungwa, na wamama wapige vigelegele, haifunguliwi ikapelekwa kwingine. Ukiitoa hapa umemrudisha huyu kijana kwao. Unataka kumrudisha?"

Watu wote wakanitazama, pamoja na Ndunge na uzio wake. Ngure hakunitazama. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sijasema hivyo," nikasema.

"Basi Mutie aje azipokelee hapa."

"Baba hawezi kuja hapa, Shangazi. Wewe unajua."

Alijua. Kila mtu alijua. Nilipomwonyesha baba hati ya kiwanja nikidhani atafurahi, aliirudisha mezani bila kuisoma. "Msichana akijijengea, anaambia wanaume wasije," alisema mbele ya kaka yangu Mbaluka. Nikamwuliza kama atakuja kuiona nyumba ikiisha. Akasema, "Nitaingia kama nani? Mgeni wa mtoto wangu?" Nililia siku ile, kisha nikaenda kununua mabati. Tangu nihamie, nimemwalika Krismasi, nimemwalika Pasaka, nimemwalika siku mchungaji alipokuja kuiombea nyumba. Kila mara goti lilikuwa linamsumbua. Goti lilelile humfikisha sokoni kila Jumatatu.

Na sasa mambo yangu yote yalikuwa yamening'inia hapo. Baba akikataa kuvuka lango lile, mbuzi watalala bila mwenyewe, na asubuhi hakuna mzee wa ukoo atakayenihesabu mchumba wa mtu. Ningebaki na nyumba, na Ngure angepakia beberu wake.

Shangazi akapiga simu. Aliongea Kikamba cha haraka, akiwa amenipa mgongo, na neno pekee nililolidaka lilikuwa jina la marehemu mama yangu.

Tukangoja. Niliingia ndani nikavaa gauni la bluu, Ngure akatumwa kuchota maji akamwaga nusu, Gichuru akasinzia. Jua likaanza kulegea ndipo nikamwona baba akija kwa njia ya bonde, koti la kanisani juu ya fulana ya shamba, fimbo mkononi.

Akafika langoni akasimama.

Nilielewa shida yake kabla yake. Baba hapigi hodi kwa mtoto wake. Nyumbani kwake huingia tu. Lakini hapa hapakuwa nyumbani kwake, na mdomo wake ulikuwa haujui la kusema. Akakohoa. Akakohoa tena. Nami nilikuwa na "karibu" kwenye ncha ya ulimi, na nikaimeza, kwa sababu karibu ni neno la mgeni.

"Baba," nikasema, "mbuzi wanakungoja."

Akaliangalia lango, akaniangalia mimi. "Mbuzi hazingojeshwi," akasema. Akaingia. Ndunge, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinyamaza.

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Akamfungua beberu mdomo akamtazama meno. Kisha akakaa kwenye kiti nilichomletea, akaelekeza fimbo kwa Ngure.

"Wewe ndio Ngure."

"Ndio, mzee."

"Wa Emali."

"Ndio, mzee."

"Watu wenu hawakukufundisha nyumba ya baba ya msichana iko wapi?"

"Walinifundisha, mzee. Hata vijana wa kubeba magunia kwangu walinichorea njia."

"Basi kwa nini mbuzi zangu zimefungwa hapa?"

Nikashika ukingo wa tangi. Hili ndilo jibu nililokuwa nimeliungulia mchana kutwa.

Ngure alikuwa amesimama mikono imeshikana mbele. Sauti ilimtetemeka kidogo, nami nikampenda kwa huko kutetemeka kuliko kwa shati. "Mzee, nilimwomba Mutindi anioe," akasema, akajikuta amekosea, akaona haya, akaendelea hivyohivyo. "Nilimwomba nimwoe. Akaniambia, nyumbani kwangu ni hapa na sitoki. Akaniambia niende nifikirie. Nikafikiria. Nikaona maneno wanaume wengine walikuja nayo hapa, matamu, na hawakurudi. Nikasema mimi sitajibu na maneno. Kama mbuzi hupelekwa nyumbani kwa msichana, nitazipeleka pale yeye anasema ni nyumbani. Nikizipeleka kwingine, nitakuwa nimemjibu vile hakutaka."

Beberu akapiga chafya.

"Kwa hivyo utakuja kukaa hapa," baba akasema. "Kwa nyumba ya mwanamke."

"Nikifunga duka jioni, nataka kurudi pale alipo. Akiwa hapa, nitarudi hapa."

"Watu watasema umeolewa."

"Wameshaanza kusema, mzee. Mama yangu ndiye wa kwanza."

"Na mama yako anasema nini kingine?"

"Amenuna. Lakini huyo beberu ni wake. Alisema kama ni lazima nijiaibishe, nisijiaibishe na mbuzi imekonda."

Shangazi Kalunde akacheka kwa sauti. Baba hakucheka, ila masharubu yake yalifanya jambo fulani. Akainamisha kichwa, akachorachora ardhi kwa fimbo muda mrefu.

"Ulikosa," akasema mwishowe.

"Nimekosa, mzee."

"Ulinikosea mimi. Yeye sijui kama ulimkosea." Akanigeukia. "Alikukosea?"

Nilitaka kusema kitu cha heshima. Machozi yakanitangulia. "Hakunikosea, baba."

"Basi utalipa faini," akamwambia Ngure. "Utaleta mbuzi zingine kwangu, ng'ambo, kwa mkono wako, na asali. Ndio Mbaluka na ukoo wasiseme nilipokelea ntheo yangu kwa tangi ya maji. Hizi nazo nimezipokea." Akaweka kiganja juu ya mgongo wa beberu, na vigelegele vya Ndunge vikapasua anga.

Katika kelele zile Ngure alinitazama. Hakunigusa, hapakuwa mahali pa kuguswa, lakini mtazamo ule ninao mpaka leo. Nilimwambia kwa midomo bila sauti, mjinga wewe. Akatabasamu mpaka masikioni.

Nilidhani baba ataondoka. Akainuka, akajinyoosha, akageukia nyumba. "Ule ufa wa dirisha la nyuma," akaniuliza, "uliuziba?"

Nikashangaa. Ufa ule ulitokea mwaka wa kwanza, upande wa shamba, mahali ambapo huwezi kuuona ukiwa barabarani. "Niliuziba, baba. Umejuaje?"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akanung'unika.

"Baba, umeujuaje?"

"Mtu akitoka sokoni hapiti njia moja kila siku," akasema, akijifanya anatazama mabati. "Nilikuwa napita upande ule. Fundi wako alikuwa mwizi wa simiti. Nilimwambia."

Nikakumbuka siku fundi wangu aliporudia ukuta wa nyuma bila kuitisha hata senti, ameufyata mkia, nami nikajisifu kwamba ananiogopa. Miaka yote hii nilikuwa naiona barabara tupu, kumbe baba yangu alikuwa anapita nyuma ya ua na goti lake, akilinda nyumba ambayo hakutaka kuingia. Nikamshika mkono. Hatushikani mikono, mimi na baba. Aliniachia niushike.

Mlangoni akasimama tena. Pale kwenye baraza kulikuwa na gambuti za kiume, kubwa, zimetapakaa matope. Nikaona Ngure naye anazitazama, na kwa jinsi alivyozitazama nikajua si mara ya kwanza kuzitazama.

"Hizi ni za nani?" baba akauliza, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Za wezi, baba."

"Za wezi gani?"

"Nilizinunua mitumbani. Nazipaka matope kila wiki na kuzihamisha. Mtu akipita akidhania mwanamke anakaa peke yake, aone kuna mwanamume mkubwa ndani."

Ngure alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mwezi mzima," akasema taratibu. "Mwezi mzima nimeshindwa kuuliza."

"Ungeuliza!"

"Niliogopa jibu."

Na bado akaleta mbuzi. Hilo nililitafakari baadaye, nikiwa jikoni, chai ikachemka hadi ikamwagika.

Baba alikunywa chai yangu kwenye sebule yangu. Alizunguka vyumba, akagonga kuta kwa kiganja, akafungua bomba akalifunga, akasema jiko linaelekea upande mbaya wa upepo. Nikamwambia nitaligeuza. Akasema aiee, liwache, lina moshi kidogo tu. Alipoaga, jua lilikuwa linagusa milima, akavuka mlango bila fimbo yake.

"Baba, fimbo," nikamkimbilia nayo.

"Rudisha."

"Na goti?"

"Goti halina kitu." Akaichukua mwenyewe, akaiegemeza ukutani juu ya zile gambuti, akarudi nyuma akaitazama, akaisogeza kidogo. "Viatu bila fimbo, mwizi atajua ni uongo," akasema. "Nikija siku nyingine nitaipata hapa."

Akashuka bondeni, Shangazi Kalunde amemshika kiwiko, akimsimulia jambo ambalo baba mwenyewe aliliona kwa macho yake.

Gichuru alikuwa tayari ndani ya pikapu, injini inanguruma. Ngure alichelewa kwenye baraza. Ilimbidi alale Emali. Mimi ni mtu wa kanisa na Ndunge yuko kwenye uzio. Alisimama karibu nami kiasi cha mikono yetu kugusana upande, akitazama gambuti, akitazama fimbo.

"Kila mtu ameacha kitu," akasema. "Mimi niache nini?"

"Wewe usiache kitu," nikamwambia. "Wewe urudi tu."